Hiari Yashinda Utumwa: Habari za Vyama vya Wanawake Katika Kenya

Wahenga walisema kwamba hiari yashinda utumwa. Methali hii hutajwa mara nyingi, lakini ni nadra kupimwa kwa matendo ya historia. Katika insha hii nataka tuipime, wewe msomaji na mimi, kwa jembe, kwa sindano, kwa bati na kwa mche wa mti. Maana hivyo ndivyo vyombo ambavyo vyama vya wanawake wa Kenya vimevitumia kuwahudumia watu wa nchi hii, tangu kabla ya uhuru mpaka zama zetu.

Lakini kwanza tuliangalie neno lenyewe. Tunapomsifu mtu kwa kazi asiyolipwa twasema amejitolea. Neno hilo limebeba ndani yake kiungo kidogo, "ji", ambacho maana yake ni nafsi ya mtendaji. Mtu aweza kutolewa na mwenzake. Aweza kutolewa nyumbani kwake kwa amri ya mkubwa akapelekwa kuchimba barabara. Walakini hapana awezaye kumjitolea mwingine. Sarufi yenyewe yakataa. Iweke kanuni hiyo moyoni unapoendelea kusoma, kwa kuwa utaona jinsi serikali ya kikoloni, na baada yake chama cha siasa, zilivyojaribu kuwatoa wanawake kisha zikasema kwamba wamejitolea.

Usidhani kwamba kazi ya pamoja ya wanawake ililetwa na wageni. Wakikuyu waliiita ngwatio, Wakamba mwethya, na Wajaluo saga. Majina yalikuwa mbalimbali, lakini utaratibu ulikaribiana. Mwanamke mwenye shamba lililotaka kupaliliwa aliwaita wenzake. Walifika asubuhi na majembe yao, wakapalilia kwa nyimbo, wakala chakula alichowapikia, wakaenda zao. Siku nyingine ilikuwa zamu ya mwingine. Hapakuwa na daftari wala karani. Deni liliandikwa katika kumbukumbu za watu, na mvivu alijulikana. Adhabu yake ilikuwa nyepesi kutaja na nzito kuchukua: siku yake ilipowadia, hakuna aliyekuja.

Pwani mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Katika Mombasa wanawake walikuwa na vyama vya lelemama, vyenye vyeo, ada na mashindano makali. Mtu wa nje aliona ngoma na karamu tu. Hakuona kwamba chama hicho hicho kilichoshindana kwa madaha ndicho kilichokuwa na watu wa kupika ilipofika arusi, na wa kukaa na wafiwa ulipoingia msiba. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa mji huo walianzisha vyama vya namna nyingine, vilivyofikiri juu ya elimu na maendeleo ya wanawake. Na ujuzi wa kukusanya ada, kugawa vyeo na kusuluhisha magomvi ulikuwa umekwisha kupatikana zamani, katika lelemama.

Basi wanawake wa nchi hii walijua kufanya kazi kwa umoja. Hilo ndilo jambo ambalo wakubwa wa serikali walilisahau, nao walikumbushwa kwa njia ambayo hawakuipenda.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni ilishikwa na hofu juu ya udongo. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Watu walikuwa wamebanwa katika maeneo yao, ardhi kubwa ikiwa imechukuliwa na walowezi, na miteremko iliyolimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa ilikuwa ikichukuliwa na mvua. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuchimba matuta ya kukinga maji. Katika wilaya ya Fort Hall, ambayo leo ni Kaunti ya Murang'a, wanaume wengi walikuwa wamekwenda kutafuta mshahara katika Nairobi na katika mashamba ya wazungu; kwa hiyo mzigo wa kuchimba uliwaangukia wanawake, asubuhi mbili kila juma, bila malipo, chini ya macho ya machifu. Kazi hiyo iliitwa kazi ya jumuiya. Jina zuri, lakini jumuiya yenyewe haikuulizwa.

Katika mwaka wa 1947 mkutano mkubwa wa wananchi wa wilaya hiyo uliazimia kwamba wanawake wasiendelee kuchimba. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1948 wanawake wenyewe walitoa jibu lao. Wapatao 2,500 walifika katika makao makuu ya wilaya, wakaimba na kucheza mbele ya wakubwa, wakatangaza kwamba hawatashiriki katika kazi ile. Baadhi yao walikamatwa. Zingatia, msomaji, namna walivyokuja: hawakuja na karatasi ya malalamiko iliyopigwa taipu, walikuja kwa ngoma, kama watu waendao kwenye sherehe. Wakubwa waliona ukaidi, na wengine walidhani kwamba wanasiasa wa Nairobi wamewatia wanawake maneno vinywani. Siasa ilikuwapo, sikatai. Lakini mwanamke aliyekuwa na shamba lake la kupalilia, watoto wake wa kulisha na maji ya kuteka mtoni, hakuhitaji mwanasiasa wa kumwambia kwamba asubuhi mbili za juma ni kitu cha thamani.

Je, wanawake hao walikuwa wavivu, au hawakujua faida ya udongo? Hao ndio walioishi kwa udongo. Ili kulijibu swali hilo vizuri hebu tuvuke tuingie nchi ya Wakamba, katika Machakos, ambako ardhi ilikuwa mbaya zaidi na kazi ilikuwa ile ile.

Maofisa wa kilimo wa miaka ya 1930 waliandika juu ya Machakos kana kwamba wanaandika tanzia: vilima vitupu, makorongo mekundu, mifugo iliyokonda. Mwaka wa 1938 serikali ilipojaribu kuwapunguza ng'ombe wa watu kwa nguvu, Wakamba kwa maelfu walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko mpaka amri ikalegezwa. Kazi ya shuruti ya kuchimba matuta nayo ilijaribiwa, ikazaa chuki, na matuta mengi yaliyochimbwa hayakudumu. Katika miaka ya 1950 njia ilibadilishwa. Iliruhusiwa kwamba kazi ifanywe kwa mwethya, na kila kikundi kikachagua kiongozi wake chenyewe. Wengi wa waliochaguliwa walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume hawakuwapo, na pengine kwa sababu wanawake ndio waliokuwa wakijua nani huchimba na nani huegemea jembe.

Napenda tukae kidogo katika ufundi wa kazi yao, maana ni habari isiyosimuliwa vya kutosha. Matuta ya kwanza yaliyoamriwa yalichimbwa kwa kuutupa udongo upande wa chini wa mtaro. Ni kazi rahisi, udongo wenyewe wataka kushuka. Lakini mvua kubwa iliyabomoa matuta hayo upesi. Aina ya pili huitwa fanya juu. Hapo mchimbaji hana budi kuuinua udongo kwa koleo na kuutupa upande wa juu wa mtaro, dhidi ya mteremko. Aliyeifanya kazi hiyo kutwa nzima hasahau usiku ule mabega yake yalivyomwuma. Kisha juu ya tuta hupandwa majani, ambayo huushika udongo na kulisha ng'ombe. Misimu inavyopita, udongo unaoteremka na maji hujikusanya nyuma ya tuta, mpaka mteremko hugeuka kuwa ngazi pana za mashamba. Kazi nyepesi iliyoamriwa ilifanywa shingo upande. Kazi nzito iliyochaguliwa ilifanywa kwa nyimbo, na watu wenyewe wakairudia miaka mingi baadaye bila ya msimamizi. Uchunguzi mmoja mashuhuri, uliochapishwa mwaka wa 1994, ulionyesha kwamba watu wa wilaya ile ya zamani waliongezeka kutoka kama 240,000 katika miaka ya 1930 hata kufikia kama milioni moja na laki nne mwaka wa 1989, na udongo ukawa umehifadhiwa vizuri kuliko ulivyokuwa watu walipokuwa wachache. Hata maneno yenyewe, fanya juu, yameingia katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingine, nayo yameandikwa kama yalivyo, kwa Kiswahili.

Nimeyatanguliza hayo ili uweze kumpima vyema mgeni wetu anayefuata. Huyo ni chama kilichoitwa Maendeleo ya Wanawake, na asili yake ina nyuzi mbili, moja ya hapa kwetu na nyingine ya mbali sana.

Uzi wa mbali waanzia Kanada. Mwaka wa 1889 mama mmoja wa jimbo la Ontario, Adelaide Hoodless, alifiwa na mwanawe mchanga. Aliamini kwamba mtoto huyo aliuawa na maziwa machafu, naye hakujisamehe kwa kutojua jambo ambalo angeweza kufundishwa. Tangu hapo alizunguka akihimiza kwamba mkulima hufunzwa namna ya kumtunza ng'ombe, basi na mama afunzwe namna ya kumtunza mtoto. Tarehe 19 Februari 1897, katika mji mdogo wa Stoney Creek, wanawake wapatao mia moja walikusanyika wakaunda chama cha kwanza cha wanawake wa mashambani cha namna hiyo. Vyama hivyo vilienea, vikavuka bahari, na mwaka wa 1915 kimoja kikaanzishwa katika Wales, katika kijiji cha Llanfairpwll, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipokuwa haba. Mabibi wa Kiingereza waliokuja Kenya walikuja na mfano huo akilini. Hapa walikuwa na chama chao wenyewe tangu mwaka wa 1917, lakini hicho kilikuwa cha wazungu.

Uzi wa karibu waanzia Kabete, nje kidogo ya Nairobi, katika Chuo cha Jeanes kilichofunguliwa mwaka wa 1925. Huko walifunzwa walimu wa vijijini, na wake zao walifunzwa kazi za nyumbani, usafi na malezi. Wanawake hao waliporudi kwao waliwafundisha jirani zao, na vikundi vikaanza kuota hapa na pale. Mwaka wa 1952 vikundi hivyo viliunganishwa chini ya idara ya serikali iliyosimamia maendeleo ya jamii, ambamo Nancy Shepherd alikuwa ofisa wa mambo ya wanawake. Navyo vikapewa jina la Kiswahili ambalo kila Mkenya alijua maana yake. Kila kikundi kiliitwa klabu. Tafadhali usiichanganye na ile iuzayo pombe, ingawa nimesikia kwamba waume wengine walifanya kosa hilo makusudi, wapate sababu ya kuwakataza wake zao kwenda.

Klabuni wanawake walifunzwa kushona na kufuma, kupika uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa, kuchimba choo, kuchemsha maji, kupanda mboga na kufuga kuku. Zilianzishwa shule ndogo za watoto, mama akaweza kumwacha mwanawe akaenda shambani. Wako waliocheka somo la kutarizi vitambaa vya meza katika nyumba zisizokuwa na meza, na kicheko chao kilikuwa na haki. Lakini yule mtoto aliyeponyoka kuhara kwa sababu mamaye alichemsha maji hakuhitaji kujua somo hilo lilitoka wapi.

Kama habari ingekwisha hapo ingekuwa habari ya kupendeza. Haikuisha. Tarehe 20 Oktoba 1952, mwaka ule ule wa kuundwa kwa chama, serikali ilitangaza hali ya hatari, na vita vya Mau Mau vikaanza kwa ukali. Kuanzia mwaka wa 1954 Wakikuyu na ndugu zao wa Embu na Meru waliondolewa katika maboma yao wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa hivyo. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Katika vijiji hivyo walibaki wanawake, wazee na watoto, na kazi ya kuchimba mahandaki ikawa tena kazi ya wanawake, safari hii chini ya bunduki. Njaa iliingia.

Katika vijiji hivyo hivyo vilabu vya Maendeleo ya Wanawake viliongezeka upesi. Viligawa maziwa na uji, vikatunza mayatima, vikafundisha usafi mahali ambapo watu walibanana na maradhi yalikuwa yakizunguka. Hiyo ilikuwa huduma ya kweli. Lakini serikali haikuvikuza kwa huruma peke yake. Iliwatazama wanawake kama watu waliowapelekea wapiganaji chakula na habari, nayo ilitaka kuwavuta kutoka upande ule. Klabu ilikuwa mojawapo ya kamba za kuwavutia.

Fikiri sasa habari ya mwanamke wa kijiji hicho. Mumewe hayupo, mwanawe analia njaa, na maziwa yako klabuni. Anakwenda, anaandikisha jina lake. Katika hesabu za ofisi yeye ni mwanachama mmoja zaidi wa chama cha hiari. Je, huyo alijitolea? Wanahistoria hawajapatana juu ya jambo hili. Wako wasemao kwamba vilabu hivyo vilikuwa mkono wa serikali uliovaa kitambaa cha kutarizi, na wako wasemao kwamba wanawake walichukua kile walichokihitaji wakaacha kilichobaki. Mimi naona kwamba kauli zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na kwamba ile ya pili ndiyo iliyoishi zaidi. Maana pamoja na uji wanawake walichota kitu kingine ambacho hakikukusudiwa sana: walijifunza kufungua mkutano na kuufunga, kuandika yaliyosemwa, kuhesabu fedha za wengi mbele ya macho ya wengi, na kusimama mbele ya ofisa wakasema bila kutetemeka. Ujuzi huo hauna bendera. Ukiisha kuupata waweza kuutumia kwa lolote.

Mwaka wa 1958 Phoebe Asiyo, mwanamke kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na sita hivi, alikuwa rais wa kwanza Mwafrika wa chama hicho. Baadaye alipata cheo kikubwa katika idara ya magereza, akaingia Bungeni kuwakilisha Karachuonyo, na huko Bungeni, mwaka wa 1997, akaleta hoja ya kutaka wanawake watengewe viti. Hoja hiyo haikupita, lakini iliyofuata baada yake yajulikana. Alifariki mwaka wa 2025, mwenye miaka zaidi ya tisini.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 mabibi wengi wa kizungu walikuwa wamekwisha kuondoka, na kwa muda ilionekana kana kwamba vilabu vitakufa kwa kukosa wafadhili. Vingine vilikufa. Lakini neno Harambee lilikuwa midomoni mwa watu, na katika ujenzi wa shule na zahanati za Harambee wanawake ndio waliobeba mawe, mchanga na maji kwa wingi, ingawa siku ya kufungua jengo aghalabu aliyekata utepe alikuwa mwanamume.

Katika miaka hiyo ya 1960, hasa katika Mkoa wa Kati, palizuka vikundi ambavyo havikuagizwa na mtu. Wanawake walikuwa wamechoka na mapaa ya nyasi. Nyasi zilikuwa zimekuwa adimu kwa sababu ardhi ilikuwa imelimwa. Paa likivuja, moto huzimika na watoto hulala wakitetemeka. Na maji yaliyotiririka kutoka kwenye nyasi hayakunyweka. Bati lilikuwa ghali kuliko uwezo wa mwanamke mmoja. Basi wakajikusanya. Waliweka shilingi chache kila mwezi, walikwenda kupalilia na kuvuna katika mashamba ya wenye fedha kama kikundi, wakauza vyondo walivyosuka, na fedha zote zikanunua mabati ya nyumba ya mmoja. Kisha ya pili. Kisha ya tatu, hata zamu ikawafikia wote. Watu waliviita vikundi vya mabati. Yatazame vizuri, msomaji, utaona kwamba ni ngwatio ile ile ya zamani, isipokuwa badala ya siku ya jembe deni sasa lilikuwa la shilingi, na badala ya kumbukumbu za watu palikuwa na daftari. Ile elimu ya klabuni ya kuandika na kuhesabu ilikuwa imepata mwenyewe.

Faida haikuishia kwenye ukavu. Paa la bati lilikinga maji ya mvua, na vikundi vingi vilipomaliza mabati viligeukia mapipa na matangi. Mama aliyekuwa akipanda kilima na mtungi mgongoni, kamba ikimkata kipaji cha uso, akawa anateka maji ukutani mwa nyumba yake. Katika miaka ya 1970 Maendeleo ya Wanawake, chini ya uongozi wa Jane Kiano, iliendeleza kazi za namna hiyo, na chama kikapata nguvu na jumba lake katika Nairobi.

Mfano mwingine ulitoka katika Baraza la Taifa la Wanawake, lililoundwa mwaka wa 1964 ili kuviunganisha vyama mbalimbali. Wangari Maathai, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwasikia wanawake wa mashambani wakilalamika kwamba kuni zimekwenda mbali na vijito vinakauka. Tarehe 5 Juni 1977 baraza hilo lilipanda miti saba katika Kamukunji. Mwanzo ulikuwa mdogo hata wa kuchekesha, lakini ndio ulioitwa baadaye Mwendo wa Ukanda wa Kijani. Mabwana miti walishuku: kuotesha miche, walisema, ni kazi ya watu wenye vyeti. Wanawake waliokuwa wameotesha mtama na maharagwe tangu utoto wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakazitia katika makopo yaliyotoboka na vyungu vilivyovunjika, zikaota. Kikundi kililipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopandwa na kushika. Mche uliokufa haukulipwa. Kanuni hiyo ilikuwa ya busara sana, maana ilimfanya kila mwanamke kuwa mlinzi dhidi ya mbuzi wa jirani. Maathai alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004, ilihesabiwa kwamba wanawake hao wamepanda miti zaidi ya milioni thelathini.

Nasikitika kwamba siwezi kuziacha hesabu hizo nzuri ziwe mwisho wa habari. Mwaka wa 1987 Maendeleo ya Wanawake iliunganishwa na chama kilichotawala peke yake, ikawa KANU-Maendeleo ya Wanawake. Mwanamke wa mlimani aliyelipa ada yake ili apate tangi la maji aliamka siku moja akajikuta ni tawi la chama cha siasa. Mwaka wa 1989 Maathai alipopinga kujengwa kwa jumba refu la orofa sitini katika bustani ya Uhuru, Nairobi, viongozi wa KANU-Maendeleo walikuwa miongoni mwa waliosimama hadharani kumshutumu. Jumba lile halikujengwa, na bustani ingalipo. Lakini fikiri juu ya uchungu wa siku zile: wanawake waliopanda miti wanashambuliwa kwa jina la wanawake waliojenga matangi, hali wengi wao walikuwa watu wale wale, wenye majembe yale yale, ambao jana yake walikuwa katika shamba moja. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwezi wa Desemba 1991, Maendeleo ya Wanawake ilijitenga na KANU. Na vijijini, katika miaka yote ya mzozo huo, vikundi vidogo viliendelea kukutana siku ile ile ya juma na kukusanya michango yao.

Vikundi hivyo vingali vipo. Leo watu huviita vyama tu. Ukitaka kuendelea na somo hili usiishie katika vitabu, kwa sababu sehemu kubwa ya historia hii haijachapishwa. Nenda kwa bibi yako, au kwa mzee wa kike wa jirani, mwenye nyumba iliyoezekwa katika miaka ile. Mwombe kwa adabu akuonyeshe daftari la kikundi chake, kama panya hawajalila. Utaona majina yamepangwa kwa mkono wa taratibu, shilingi kando ya kila jina, idadi ya mabati, na mwezi ambao kila mmoja alipata zamu yake. Kisha mwulize ni nani aliyeezekewa wa mwisho, na kwa nini alikubali kungoja.